UZI: Nimenyooshwa mgongo mara 11, kila mara maumivu yanarudi. Kumbe misuli yangu inachoka ndani ya sekunde 38

#1 Mjenzi_Majengo

Jambo wandugu wa Goma na wa kwingine. Uzi utakuwa mrefu, mnivumilie.

Mimi ni fundi mwashi. Tangu volkeno ya 2002 ifunike katikati ya mji wetu, tunajenga juu ya lava kwa mawe ya lava hiyohiyo, na sehemu kubwa ya maisha yangu nimeitumia nimeinama juu ya mawe hayo. Mgongo wa chini unaniuma huu mwaka wa tatu.

Kuna mzee ananyoosha watu migongo. Simtaji jina wala mtaa wake, maana sikuja kumchafulia mtu. Unalala ubavu, anashika bega kwa mkono mmoja na kiuno kwa mkono wa pili, anakusokota taratibu mpaka mwili ukatae, halafu ghafla: ka! Unausikia mlio mpaka kwenye meno. Siku mbili tatu natembea vizuri, naoga bila kushika ukuta, nafunga kamba za viatu. Siku ya nne niko kwenye chantier (mahali pa ujenzi), inapofika saa nne asubuhi kiuno kinaanza kuwa kizito kama nimefungwa gunia la mchanga. Saa sita siwezi kuinuka bila kujisukuma kwa mikono juu ya mapaja. Narudi kwa mzee. Nimerudi mara 11, na kila mara ni pesa ya chakula cha watoto.

Miezi miwili iliyopita shemeji yangu alinipeleka kwa kine (mtaalamu wa tiba ya viungo), wa shule kabisa. Nilitegemea na yeye anisokote. Badala yake alinilaza kifudifudi juu ya meza, mifupa ya nyonga ikaishia ukingoni, kifua na kichwa vikabaki hewani. Akanifunga miguu kwa mikanda. Akasema: kunja mikono kifuani, shikilia mwili uwe sawa na meza, usishuke mpaka nikuambie.

Nilishuka kwenye sekunde ya 38. Misuli ilitetemeka, ikawaka moto, ikaniacha. Mimi huyu ninayebeba mawe kutwa nzima!

Kine akanieleza kwamba kipimo hicho kinaitwa kwa jina la Mdenmark Biering-Sørensen. Mwaka 1984 alitoa matokeo ya kupima watu namna hii, kikomo kikiwa sekunde 240, kisha akawafuatilia mwaka mzima. Wanaume ambao hawakufika sekunde 176 ndio waliokuwa na hatari zaidi ya kupata maumivu ya mgongo ndani ya mwaka uliofuata. Waliopita 198 walisalimika zaidi. Mimi 38.

Tangu siku hiyo kuna jambo linanikaa kichwani. Miaka mitatu nimelipia kurudishiwa mfupa mahali pake, na hakuna hata mtu mmoja aliyeniuliza misuli yangu inashikilia kwa muda gani. Nani mwingine ana habari hizi?

#2 Chukudu_Kibumba

Mukubwa, pole. Mimi nateremsha kabichi na viazi kutoka Kibumba kwa chukudu, ile skuta kubwa ya mbao, na kupanda nasukuma. Anayejua chukudu anajua: goti moja liko juu ya mbao, mguu wa pili unapiga chini, mikono kwenye usukani, na nyuma yako kilo mia kadhaa. Kiuno changu kimekuwa kigumu upande mmoja tu.

Lakini sikubali kwamba kunyoosha ni bure. Nikinyooshwa napata nafuu palepale, kabla sijashuka mezani. Kama mfupa haukuwa umeruka, nafuu hiyo inatoka wapi? Na ule mlio ni wa nini?

#3 Kine_Katindo

Wandugu, mimi ni kine, na kazi yangu nusu yake ni migongo. Niruhusuni nijibu kwa urefu, kwa sababu swali la ndugu wa Kibumba naulizwa kila siku.

Nianze na mlio. Nyuma ya kila pingili, yaani kila mfupa wa uti wa mgongo, kuna viungo vidogo viwili viwili, na ndani yake mna ute. Ukivivuta ghafla viachane, shinikizo ndani linashuka na gesi iliyoyeyuka kwenye ute inafanya uwazi. Huo ndio mlio, na ni uleule wa vidole unapovivunja. Mwaka 2015 watafiti wa Alberta, Kanada, walipiga picha za MRI huku vidole vikivutwa, wakauona uwazi huo ukitokea wakati uleule wa mlio. Kwa hiyo mlio hauna habari ya mfupa uliorudi mahali pake. Wengine wamepima hata mahali mlio unapotokea kwenye mgongo wa chini: ni takriban nusu tu ya mara ambapo ulitoka kwenye pingili iliyolengwa. Hata fundi mwenye mikono mizuri, wakati mwingine anapata mlio wa jirani.

Hadithi ya mfupa uliotoka ina umri wake. Huko Davenport, Iowa, mwaka 1895, D. D. Palmer alianzisha tiba ya kiropraktiki akiamini kwamba pingili zilizohama zinabana neva na kuleta magonjwa. Mikono yake ilibaki duniani, ila yale maelezo hayakusimama. Pingili ikihama kweli, ndugu yangu, hiyo ni ajali ya gari au kuanguka kutoka juu ya nyumba, na hakuna anayepaswa kuisokota.

Sasa nafuu. Nafuu ni ya kweli, msimwambie mtu kwamba anaota. Msukumo wa kunyoosha huisha kabla ya robo ya sekunde, lakini ndani ya muda huo vipokezi vya misuli na viungo vinapeleka habari nyingi kwenye neva kwa mpigo. Maumivu yanapungua kwa muda, na misuli iliyokuwa imejikaza inalegea. Kuna jambo moja linaloonyesha hili vizuri. Mtu mzima wa afya akiinama mpaka chini kabisa, misuli ya mgongo inanyamaza, kazi ya kushika mwili inachukuliwa na kano na nyama zilizonyooka. Floyd na Silver wa Uingereza walilieleza jambo hilo miaka ya 1950 kwa kutumia elektromiografia, yaani kipimo cha umeme wa misuli. Mwenye maumivu sugu akiinama, misuli yake hainyamazi. Inabaki macho kama mlinzi aliyesikia risasi. Watafiti wa Québec walipima wagonjwa wa namna hiyo kabla na baada ya kunyooshwa, wakaona misuli inatulia zaidi muda mfupi baadaye.

Hapo ndipo uchovu unapoingia, na ndipo ningependa msome taratibu. Msuli unaokaza bila kupumzika unabana mishipa yake yenyewe ya damu. Oksijeni inapungua, taka za kazi zinajikusanya, na umeme wa msuli unaanza kwenda polepole. Kwenye mashine unaona masafa yakishuka dakika hadi dakika. Mtu ambaye misuli yake haipumziki hata akiinama, anafika kazini akiwa tayari ametumia sehemu ya akiba yake. Ikifika ile saa nne ya ndugu Mjenzi, akiba imeisha. Tena msuli uliochoka hauhisi vizuri: watu waliochoshwa misuli ya kiuno wanakosea kutambua mgongo wao umekaa vipi. Ndiyo maana jiwe linalokuumiza mara nyingi ni lile dogo la mwisho wa siku.

#4 Mwalimu_Himbi

Asante Kine, umefafanua. Lakini niulize kwa uwazi, maana watu wanatoa pesa: kunyoosha kunaongeza nguvu ya misuli kustahimili, ndiyo au hapana? Na wakubwa wa afya wanasemaje? Nisingependa tuchukue maneno ya kine mmoja dhidi ya mzee mmoja.

#5 Kine_Katindo

Mwalimu, umefanya vizuri kubana. Peke yake, hapana. Msuli hujengeka kwa kupewa kazi, kupumzishwa, kupewa kazi tena, wiki baada ya wiki. Robo ya sekunde haijengi kitu. Kinachoweza kutokea ni kwamba mtu aliyepungukiwa maumivu anafanya mazoezi ambayo jana yasingewezekana. Kwangu hiyo si faida ndogo, na mimi mwenyewe nanyoosha wagonjwa wangu, ila dakika zinazobaki wanazitumia kufanya kazi sakafuni.

Kuhusu wakubwa: Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake wa kwanza wa maumivu sugu ya mgongo wa chini Desemba 2023. "Sugu" maana yake yamepita miezi mitatu. Kunyoosha uti wa mgongo kumo kati ya tiba zinazoweza kutolewa, pamoja na masaji, mazoezi, elimu kwa mgonjwa, msaada wa kisaikolojia na dawa za kutuliza uvimbe. Yasiyopendekezwa ni mikanda ya kiuno, kuvutwa mgongo kwa mashine na dawa za jamii ya opioidi (dawa kali za maumivu kama morfini). Na mwaka 2019 jarida la madaktari wa Uingereza lilichapisha uchambuzi wa majaribio 47 yenye watu 9,211. Kunyoosha kulitoa matokeo yanayolingana na tiba nyingine zinazopendekezwa, kama mazoezi. Hakukuzishinda. Tofauti ninayoiona mimi ni kwamba zoezi unaenda nalo nyumbani na hulilipii mara ya pili.

#6 Mama_wa_Ndosho

Mnaongea mawe na chukudu, na sisi mama tunaobeba maji? Mimi bidon (dumu) ya litre 20 asubuhi, nyingine jioni, siku ya kufua naenda hata mara tano. Nafunga kitenge kwa nguvu kiunoni, naona kinanishika. Sasa Dokta unasema mikanda hapana. Nifanye nini? Maji hayatajileta.

#7 Kine_Katindo

Mama, kitenge chako kwa safari moja nzito hakina kosa. Tatizo ni kuvaa kutwa nzima ukingoja kikuponye, maana hakiponyi.

Ila hesabu ya bidon inaniuma. Mwaka 1986 lilitoka jarida moja la sayansi likiwa na vipimo vya mama wa Kiluo na wa Kikuyu kule Kenya. Walitembea kwenye mashine na mizigo, huku hewa wanayovuta ikipimwa. Mzigo mpaka asilimia 20 ya uzito wa mwili waliubeba bila kuongeza nguvu yoyote juu ya ile ya kutembea mikono mitupu. Ukizidi hapo, gharama inapanda. Sasa wewe ukiwa na kilo 60, asilimia 20 ni kilo 12. Bidon ya litre 20 ikijaa ni kilo 20 na ushee. Mwili wako unadaiwa kila hatua kutoka ziwani mpaka Ndosho.

Najua huwezi kuacha. Ninachowaomba mama zangu: kama nyumbani kuna bidon mbili za litre 10, tumieni hizo kwa safari mbili pale muda unaporuhusu. Mtu wa pili akutwike, usijitwike mwenyewe kutoka chini huku umejisokota. Na usibebe palepale unapoamka kitandani, uupe mwili nusu saa hivi wa kuzunguka kwanza.

#8 Mama_wa_Ndosho

Kutwikwa, sawa, huwa tunasaidiana. Muda wa safari mbili ndio hakuna, kwa kweli. Lakini binti yangu wa miaka 11 nitampunguzia, nilikuwa nampa ya 20 akiniomba. Asante baba.

#9 Mwana_wa_Bukavu

Naomba niingie na jambo gumu. Niko Bukavu, Kadutu. Mdogo wangu alikuwa na maumivu ya mgongo miezi mitano. Alikonda, usiku anatoa jasho mpaka shuka linaloa, sote tukasema ni kazi ya kubeba mifuko ya simenti. Tukampeleka kwa mtu wa kunyoosha, akamsokota mara tatu. Mara ya tatu alipiga kelele. Wiki ile miguu ikaanza kumshinda, akawa anajikwaa kwenye sakafu iliyo sawa. Hospitali walipiga radio (eksirei), wakakuta pingili mbili zimeliwa. Kifua kikuu cha mgongo.

Hakuwa na kikohozi hata siku moja, ndiyo maana hatukuwaza. Sasa yuko kwenye dawa, anatembea na fimbo. Mimi ndiye niliyemlipia yule mtu. Naandika hapa ili mwingine asifanye nilichofanya.

#10 Kine_Katindo

Ndugu wa Bukavu, pole sana, na asante kwa kuandika. Ulitafuta msaada kwa ndugu yako, usijibebeshe.

Wote someni hapa. Kifua kikuu cha mgongo tunakiita pia ugonjwa wa Pott, kwa jina la daktari wa London aliyekieleza mwaka 1779. Kinakula pingili polepole, na mtu anaweza kukosa kikohozi kabisa. Mwisho wake, kisipotibiwa, ni kibyongo na miguu kupooza. Katika nchi yetu dawa za kifua kikuu hazilipiwi, hivyo hakuna sababu ya kuchelewa.

Mtu yeyote, awe mzee wa mtaa au kine mwenye diploma, hapaswi kukusokota kama una homa, jasho la usiku au kukonda bila sababu. Kama uliwahi kuwa na saratani. Kama maumivu yalianza baada ya kuanguka au ajali. Kama umetumia muda mrefu zile sindano za deksa (deksamethasoni) zinazouzwa kiholela farmasi, maana zinalainisha mifupa. Na mama zetu wazee pia, mpaka mifupa iangaliwe. Kuna dalili nyingine ambazo hata kesho ni mbali, ni hospitali usiku uleule: ganzi mahali unapokalia na sehemu za siri, mkojo kuzuilika au kujitokea, choo kutoka bila kujua, miguu yote miwili kuishiwa nguvu.

Mimi kabla ya kumgusa mtu nauliza hayo yote. Mnyooshaji asiyeuliza, shuka mezani uende.

#11 Chukudu_Kibumba

Nimesoma ya Bukavu mara mbili. Mimi sijawahi kuulizwa hata moja ya maswali hayo.

Nina swali. Mwaka jana nilipiga radio, wakaniandikia "arthrose" (viungo kuchakaa) na diski, ule mto kati ya pingili, imeshuka. Nina miaka 41. Tangu hapo naogopa hata kuinama, nikifikiri mgongo unaoza. Hizo sekunde zenu zitanisaidia nini na diski imekwisha?

#12 Kine_Katindo

Hukuoza, ndugu yangu. Mwaka 2015 walikusanya picha za migongo ya watu wasio na maumivu yoyote. Wenye miaka 20, asilimia 37 walikuwa na diski zilizochakaa. Wenye miaka 40, asilimia 68. Wenye 80, asilimia 96. Watu hao wanatembea, wanalima, wanacheza. Kwa umri wako, ambaye radio yake haina kitu ndiye wa kushangaza. Ni kama mvi. Waliokuandikia karatasi walipaswa kukaa na wewe dakika tano wakueleze, maana hofu uliyopewa nayo inakaza misuli.

Njoo upimwe sekunde.

#13 Mwalimu_Himbi

Ndugu Mjenzi, umefungua uzi ukanyamaza. Unafanya nini sasa hivi hasa? Taja mazoezi yenyewe, watu wanataka kujaribu.

#14 Mjenzi_Majengo

Sikunyamaza Mwalimu, tulikuwa tunamwaga dalle (zege).

Nafanya alfajiri, juu ya mkeka. La kwanza: napiga magoti na kushika chini kwa mikono, nanyoosha mkono wa kulia mbele na mguu wa kushoto nyuma, nashika sekunde 10, nashusha, nabadili. Mara 6, napumzika, mara 4, napumzika, mara 2. Nilitaka kushika dakika nzima kama mwanaume, kine akanikataza: kushika kwa muda mrefu mno mwanzoni kunafungia damu, sekunde 10 na kuachia kunauruhusu msuli kupumua. La pili: kwa ubavu, kiwiko chini, kiuno juu, hesabu ileile. La tatu: chali, magoti juu, nainua matako. Wiki ya nne akaongeza lile la mezani lenyewe, nafanya juu ya benchi na mke wangu ananikalia miguu.

Kazini nimebadili kitu kimoja. Zamani nilikuwa naponda na kupanga mawe asubuhi yote bila kusimama wima, sasa kila nikimaliza safu nasimama, najinyoosha nyuma mara tano, nakunywa maji. Bosi alinung'unika wiki ya kwanza. Alipoona ukuta unapanda kama zamani, akaacha.

Siwadanganyi, wiki ya tano iliniumiza vibaya, siku mbili sikwenda kazini. Kine alininyoosha siku ile, mara moja, mlio ukatoka, nikapata nafuu, na kesho yake akanirudisha kwenye mkeka na nusu ya hesabu. Zamani siku kama ile ingenirudisha kwa mzee kwa mwezi mzima.

Wiki ya nane nimepimwa: sekunde 91.

#15 Mama_wa_Ndosho

Na sisi tuliojifungua juzi tunaweza hayo ya mkeka?

#16 Kine_Katindo

La tatu, lile la kuinua matako, anza nalo mama akishapona na daktari akiruhusu, taratibu. Aliyepasuliwa asianze kabla ya kuonekana. Niandikie pembeni nikuelekeze.

#17 Chukudu_Kibumba

Nimetoka kwa Kine leo. Ameniuliza maswali yote yale, la jasho, la homa, la mkojo. Kisha mezani: sekunde 54. Halafu akanipima ubavu: kulia nilishika 47, kushoto 19. Ubavu wa kushoto ndio unaoniuma, na nikiwa kwenye chukudu goti langu la juu ya mbao ni la kulia siku zote, miaka 16.

Ameniambia nijifunze kubadili goti mahali barabara ni tambarare. Kesho narudi Kibumba nikiwa mtupu, nitajaribu kuanzia pale Kanyaruchinya ambapo magari hayasukumi sana.